Mstari wa Mwisho wa Mikorosho

Mjomba Eustakio wa Chinongwe hakuweza kumnyima mtu kitu, na kwake hata mti ulikuwa mtu. Mwaka 1994 bwana shamba Nuhu alitoka Nachingwea akamwomba jambo rahisi: apulizie mikorosho yake salfa, ila mstari wa mwisho auache bila dawa, waone ugonjwa wa ubwiriunga utaufanya nini. Mjomba akakubali. Haikupita wiki akaupulizia na huo. Alisema ulikuwa unamtazama.

Msimu wa korosho ulipofika, Nuhu alizunguka shamba akijikuna kichwa, maana miti yote ilikuwa imebeba sawasawa. Dionisia, mke wa mjomba, alikimbilia jikoni akacheke huko.

Miaka kumi baadaye kifua kikambana mjomba. Ujanani alikuwa akikata mabati ya asbesto Dar es Salaam, na lile vumbi ndilo lililomletea saratani ya utando wa mapafu. Dawa ya kuiponya haikuwepo. Dokta Prisila, aliyemtibu hukohuko Dar, akamweleza kuhusu majaribio: wagonjwa wote wangepata dawa ya kawaida, na nusu yao, kwa kura, wangeongezewa mpya. Halazimishwi, na angeweza kujitoa siku yoyote.

Mjomba akakataa, akarudi nyumbani. Alitaka sana kuishi, ila aliogopa kuwa mstari wa mwisho.

"Kazi ya Nuhu uliiharibu wewe," Dionisia akamwambia. "Sasa unataka kuharibu na ya daktari?"

"Niliionea huruma ile miti, Mama Albina."

"Na mimi nakuonea huruma wewe. Rudi Dar."

Akarudi, bado ana shaka. "Daktari, ukinihurumia si utaniongezea kwa siri?"

"Siwezi, Mzee. Chupa zote zinafanana, zenye dawa mpya na zenye maji ya chumvi tu. Hata mimi sijui nani anapata ipi."

Mjomba akachukua kalamu. "Laiti Nuhu naye angenificha hivyohivyo mstari usio na dawa," akasema, akatia sahihi.

Mwezi wa sita alikuwa nyumbani akisubiri dripu nyingine, na bomba la salfa hakuliweza tena. Dionisia akalibeba yeye mgongoni.

"Safari hii mstari wa mwisho uache," mjomba akamwambia kutoka kitini. "Tummalizie Nuhu kazi yake."

Dionisia aliitikia vizuri tu. Kwenye zile chupa za Dar hakuwa na la kufanya, na hilo lilimuuma. Akapita mikorosho yote bila kuigusa, akaenda mpaka mstari wa mwisho, akaanzia huko.