Mto wa Kulalia wa Nsimire

Majani makavu ya mgomba yakilowa umande hutoa harufu ya pekee, kitu kati ya chai iliyolala na nguo iliyosahaulika ndani ya beseni. Nikiisikia hata leo, popote pale wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, husimama njiani. Nilikuwa na miaka kumi. Ulikuwa mwaka wetu wa pili katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na tulikuwa watatu tu: mama, dada yangu Nsimire aliyekuwa na miaka kumi na saba, na mimi, Riziki. Baba tulimwacha katika udongo wa Walungu, Kivu ya Kusini, huko Kongo. Kwetu ndugu mkubwa, awe wa kike au wa kiume, huitwa yaya, kwa hiyo sikuwahi kumwita Nsimire kwa jina lake mpaka siku nilipotakiwa kulitaja mbele ya karani wa hospitali, na hata hapo nililisema kwa aibu, kama mtoto aliyekosa adabu.

Ugonjwa wake ulianza miguuni. Ilivimba hadi ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Kisha ukapanda kifuani. Yaya, aliyekuwa akibeba maji kutoka ziwani huku akiimba nyimbo za kwaya, sasa alisimama mara tatu kati ya mlango na jiko ili kutafuta pumzi. Lililomtesa zaidi ni kulala. Akilala chali alisema ni kama mtu mzima amemkalia juu ya mbavu, akilala ubavu anakohoa mpaka machozi. Ndani ya nyumba yetu ya udongo tulimwegemeza ukutani, tukamrundikia nyuma kila tulichokuwa nacho, naye akasinzia akiwa ameketi, kichwa kikianguka na kuinuka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi wazima tulidhani usingizi ni kitu cha bure kama hewa, lakini yeye hata hewa ilimgharimu.

Zahanati ya makazi ilimwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa ya Mbarara. Gari la kupeleka wagonjwa lilikuwa limeharibika. Kwa wiki mbili mama alikwenda kuuliza kila asubuhi, na kila asubuhi akaambiwa kesho. Siku moja alirudi, akafunga barua ndani ya kitenge chake, akasema, "Tukingojea ile motokari, tutamuzika hapa." Nauli hatukuwa nayo. Jirani yetu Mrundi alituazima baiskeli. Yaya alikaa nyuma, kwenye kiti cha mizigo, mama akashika usukani na kusukuma, na mimi nikafuata na begi la mgongoni la turubai alilolinunua baba Bukavu enzi za amani. Ndani yake mlikuwa na blanketi, sufuria, vitenge viwili, na mfuko wa maharagwe tuliyopewa kwa kupalilia mashamba ya watu Rugaaga, kwa sababu mgonjwa wa hospitali hupikiwa na jamaa zake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mama aligeuka mara moja tu kunitazama, akasema, "Wee uko mukubwa sasa," na sikuthubutu kusema kwamba mikanda ilikuwa inanikata mabega.

Mwendo ulikuwa wa kinyonga. Vilima vilikuwa vingi, na kila baada ya muda tulisimama ili yaya ashuke, ainame, apate pumzi. Magari machache yaliyopita yalikuwa yamejaa, na dereva mmoja aliyesimama alisikia kikohozi, akafunga dirisha, akaondoka. Jioni ya kwanza tulibisha kwenye boma la Mnyankole mmoja mwenye shamba la migomba. Alitoka na taa, akasikiliza kifua cha yaya akiwa mbali. "Hiyo ni kifua mubaya, mama," alisema. "Niko na watoto kwa nyumba. Lala pale kwa matoke, mimi naleta moto." Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini hawakusema mwenyeji afanye nini akiogopa kufa. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Alituletea makaa kwenye kigae na mzigo wa majani makavu ya kulalia.

Mama akanipa kazi. Yeye angekusanya kuni na kuchemsha maji, mimi nimtafutie yaya mahali pa kuweka kichwa. Nilianza na blanketi, nikalikunja mara nne. Lilikuwa laini, likazama chini ya kichwa chake papo hapo. Nikajaza begi majani ya mgomba hadi likavimba kama tumbo la ng'ombe. Lilionekana mto wa kifalme, lakini kila alipopumua yalichakarika masikioni mwake, na vumbi lake likampandisha kikohozi mpaka akashika magoti. "Toa, toa hii, mudogo wangu," alisema. Nikayatoa yote. Mwishowe niliutia mfuko wa maharagwe ndani ya begi, nikaliegemeza kwenye gurudumu la baiskeli na kulifunika kitenge. Maharagwe yalikubali umbo la kichwa chake kisha yakatulia, hayakuzama. Alisinzia kwa vipande vipande. Kulipokucha aliniambia kwamba shingo inauma lakini kifua kimepumzika, na nilijiona nimejenga nyumba.

Siku ya pili alitukuta mwanajeshi aliyekuwa akienda likizo kwa miguu, akielekea kambini Mbarara kwa mkewe. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ndogo, begi lake la kijani mgongoni. Mama alipoona magwanda alisimama ghafla na kushika usukani kwa mikono miwili. Tulikotoka, magwanda hayakuwahi kutuletea jema. Yeye hakuuliza karatasi. Alimpokea mama baiskeli, akaisukuma kimyakimya hadi jioni, tukapumzika pamoja kando ya njia. Aliponiona nikipanga mto wangu wa maharagwe alitikisa kichwa.

"Wewe katoto, hiyo ni mbaya," alisema. "Nainua kichwa peke yake, shingo nakunjika, pumzi nakosa njia. Anzia hapa, kwa kiuno. Mgongo yote ipande, polepole, kama kilima."

Alichota udongo kwa mikono, akautengeneza mteremko, akaweka begi lake chini na langu juu, akatandika blanketi. Yaya alijilaza. Tulimsubiri akohoe. Hakukohoa. Alitazama juu, akasema kwa mshangao, "Iko muzuri," na ndani ya muda mfupi alikuwa amelala usingizi wa kweli, mdomo wazi. Mama aliangalia pembeni. Nadhani alikuwa akilia, na nadhani mwanajeshi alijua, maana alianza kunieleza kwa kirefu jinsi wanavyolala msituni, viatu chini, begi juu ya viatu, na mtu ambaye hajui kupanga begi lake haamki na nguvu. Alfajiri alitangulia, kwa kuwa siku zake za likizo zilikuwa chache. Alimwuliza mama jina la mgonjwa na kuahidi kumwambia mkewe aje kututazama hospitalini. Hatukutia maanani. Ahadi za njiani tulizijua.

Siku ya tatu mvua ilinyesha kuanzia mchana. Tulijificha chini ya kichaka, lakini maji yaliingia ndani ya begi, na maharagwe yakalowa. Jioni tulipofika karibu na Kabingo mfuko ulikuwa umevimba na kuanza kunuka uchachu, kamba imekatika. Mama alichemsha aliyoweza, mengine akayamwaga. Blanketi lilikuwa linachuruzika. Udongo ulikuwa tope, kilima hakijengeki. Mama akaniketisha chini ya paa la kibanda kitupu cha soko, akamketisha yaya nyuma yangu, mgongo kwa mgongo. "Leo wee ndiyo muto yake," akaniambia. "Usimuache. Hata usingizi ikikushika, usimuache."

Nilikaa. Nilihisi kila pumzi yake ikipita ndani ya mbavu zangu, ikikwaruza, ikikwama, ikianza tena. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Miguu ilikufa ganzi, kisha mgongo ukaanza kuungua. Mama alijilaza hatua tatu kutoka kwetu, amejikunja, na joto lake nililiona kwa macho, kama mtu anavyoona chakula. Kwa muda mrefu nilijiambia hesabu mpaka ishirini, kisha ishirini nyingine. Halafu nikateleza kidogo, nikateleza tena, nikamwegemeza yaya kwenye nguzo, nikatambaa hadi kwa mama na kujibana mgongoni kwake. Nilikuwa macho kabisa yaya aliponiita. "Riziki." Sauti yake ilikuwa nyembamba. Nikafumba macho. "Riziki, mudogo wangu, kuya." Nilimsikia kama ninavyojisikia sasa. Sikwenda. Nilijiambia kwamba nitakwenda baada ya kupata joto kidogo, na nikalala.

Kulipopambazuka alikuwa ameanguka kutoka kwenye nguzo, uso umeelekea sakafuni, midomo ya rangi ya majivu, povu jepesi puani. Alikuwa hai. Mama alipiga kelele barabarani, na lori la wafanyabiashara waliotoka Kikagate likasimama. Walitupandisha juu ya magunia ya mahindi, baiskeli na sisi, na hakuna aliyetaja kikohozi. Njia nzima mama alimshikilia yaya ameketi, akimwambia maneno ya Kimashi, lugha yetu ya nyumbani, aliyomwambia alipokuwa mchanga. Mimi hakuniambia kitu. Nilingoja aniulize kwa nini niliondoka, na kila kilima tulichopanda bila kuulizwa kilikuwa kizito kuliko vile tulivyovipanda kwa miguu.

Hospitalini daktari alituambia kwamba moyo wa yaya una mlango mmoja usiofunga sawasawa, na maji yamejaa mapafuni. Alisema ilifaa aletwe miezi mingi nyuma. Walimpa dawa, na kitanda kisichokuwa na mto. Sisi tulilala uani, kwenye nyasi, pamoja na jamaa wa wagonjwa wengine. Siku ya pili alikuja mwanamke mrefu mwenye mtoto mgongoni, akiuliza wodi kwa wodi habari za Nsimire wa Nakivale. Alikuwa mke wa yule mwanajeshi, na mkononi alikuwa na mto wa sponji wenye foronya ya maua. "Bwana amenituma," alimwambia mama. "Amesema huyo msichana analala kukaa." Alikuwa ameutoa kitandani kwake mwenyewe. Tuliuweka juu ya mablanketi yaliyopandishwa kutoka kiunoni, na yaya akaulalia siku nne. Alikuwa akiupapasa kwa kiganja na kucheka kidogo. Asubuhi ya siku ya tano alikufa juu yake, akiwa ameketi nusu, kama mtu anayesikiliza.

Mama aliifua ile foronya, akaianika kwenye ua wa hospitali mpaka ikakauka, akaenda nayo pamoja na mto hadi lango la kambi ya jeshi. Yule mwanamke alikataa kuupokea. Mama aliuweka miguuni pake, akamshukuru kwa magoti, akaondoka. Yaya tulimzika Mbarara, kwa sababu mtu hawezi kusukumwa kwa baiskeli akiwa amekufa.

Majuto ni mjukuu, na wangu alikua nami. Nilisoma, nikawa mwalimu wa shule ya msingi hapa Mbarara, nikaolewa. Barabara ile tuliyoimaliza kwa siku tatu na alfajiri moja, sasa naipita kwa gari asubuhi na kufika kwa mama kabla ya chakula cha mchana. Pale kwenye kibanda pamejengwa maduka ya mabati, na nisingeweza kumwonyesha mtu nguzo ilipokuwa. Zahanati ya Nakivale imepanuka. Watoto wa makazi huenda shule wakiwa na begi mgongoni, na wengi wao hawajawahi kulilalia. Nayatazama haya, na siwezi kusema ni mabaya. Lakini kwa miaka zaidi ya kumi nilikwenda kwa mama, nikala chakula chake, nikarudi, bila kumwambia kwamba nilisikia nikiitwa.

Nilimwambia mwaka juzi, tukiwa tumeketi ndani kwake, mvua ikipiga bati. Nilisema yote, pamoja na kufumba macho. Mama alitazama mikono yake.

"Nilimusikia," alisema. "Alikuita mara mbili. Mara ya tatu aliniita miye."

Aliendelea bila kunitazama.

"Nikasema mu roho, ngoja nipumuzike kidogo tu, nitaamuka. Nilikuwa nimechoka, Riziki. Tulikuwa bachovu mingi." Akainua macho. "Nilifikiri wee ulikuwa umelala. Nikamushukuru Mungu kwa sababu mutoto hakusikia."

Hatukukumbatiana wala hatukulia. Aliinuka akafunga dirisha, mimi nikaosha vyombo. Siku hizi nikienda Nakivale tunalala chumba kimoja, vitanda viwili, taa imezimwa. Na mmoja wetu akiita, hata ndotoni tu, hata bila jina, mwingine huitika.