Mwaka Ambao Mashine Iliukataa

Katika chumba cha watoto njiti, sauti iliyozoeleka haikuwapo. Ilikuwa sauti ya feni ndogo, mvumo mwembamba uliowafuata wauguzi hadi usingizini, na asubuhi ile ulikuwa umekatika. Mashine ya joto ilisimama dirishani, taa zinawaka, kioo kisafi, ndani hamna kitu. Mtoto aliyekuwa humo, wa siku tatu, alifungwa kifuani kwa mama yake wakapakiwa kwenye gari la wagonjwa kwenda hospitali kubwa ya Bahir Dar. Hakufika.

Wubalem Gessesse, fundi wa mitambo wa hospitali, aliifungua mashine kwa bisibisi ya marehemu baba yake. Mzee huyo alitengeneza vinu vya kusagia nafaka ya teff maisha yake yote, na alimlea bintiye akiamini kwamba ukinunua kitu, tumbo lake nalo ni lako. Wubalem akapima. Kipasha joto kizima. Feni nzima. Nyaya zote nzima.

“Umeme ulikatika,” alisema Asegedech, muuguzi wa zamu, macho mekundu. “Uliporudi ikaniuliza tarehe. Nikaiandikia.”

“Mwaka uliandika upi?”

“Upi tena, Wubiye? Elfu mbili na kumi na mbili. Kalenda si hiyo hapo ukutani?”

Wubalem akaketi sakafuni. Kalenda ya Ethiopia iko nyuma ya ile ya ng'ambo kwa miaka saba au minane, na mashine iliundwa mwaka ambao huko ilikotoka waliuita 2017. Ilipoambiwa sasa ni 2012, ikajiona bado haijazaliwa, ikadhani imechezewa, ikajifunga.

Akaipigia simu kampuni iliyoiuza. Wakamjibu kwamba kufuli limo ndani ya programu, na programu ni siri yao. Mashine isafirishwe ng'ambo. Akaomba aonyeshwe ile mistari michache tu inayosoma tarehe. Mwanamume wa upande wa pili alicheka kwa adabu. Kosa, alisema, ni la mtumiaji.

Kosa. Neno hilo lilimkaa kooni wiki nzima. Asegedech ameandika mwaka anaoishi, mwaka aliozaliwa mtoto yule, halafu mtu asiyewahi kukanyaga hapa kwetu Gojjam anauita kosa. Chuma tumeuziwa, kioo tumeuziwa, akili yake wamebaki nayo wao, na ikikosea tunaambiwa tumekosea sisi.

Mwezi uliofuata mkurugenzi, Mulat, ambaye wote walimwita Gashe kwa heshima ya umri wake, alimwekea mezani karatasi ya kupokea mashine nyingine tatu za kampuni ile ile. Bila sahihi ya fundi zisingeingia.

“Sitii sahihi, Gashe. Watupe programu iliyo wazi, tuisome, tuirekebishe wenyewe. Hawataki, zirudi kwao.”

“Umekuwa waziri lini? Tia sahihi, binti yangu, kahawa inapoa.”

“Ipoe.”

“Na watoto wakifa kwa kukosa mashine?”

“Mmoja amekufa tukiwa nayo.”

Asegedech, aliyeitwa kuwa shahidi, alikuwa anaangalia vidole vyake. “Kina mama wananiuliza mimi, Wubiye, si wewe,” alisema taratibu. “Leo wako watatu.”

Hilo lilimchoma kuliko yote ya mkurugenzi. Hata hivyo aliirudisha kalamu mezani.

Kwa miezi mitano kina mama walifunga watoto vifuani kwa shuka zao nyeupe, ngozi kwa ngozi, wakipokezana na bibi na shangazi. Kila asubuhi, kabla ya kushika kazi nyingine, Wubalem alipita mlangoni kuwatazama. Hakuna aliyemkaribisha kiti.

Hatimaye ofisi ya mkoa ilinunua mashine mbili kutoka kwa mtengenezaji mwingine, aliyekubali kutoa programu yake nzima. Wubalem aliisoma siku nne. Akaifundisha miezi yetu kumi na mitatu, akaizimia umeme mara kumi, na mara zote kumi Asegedech aliandika mwaka wa ukutani, feni ikaendelea kuvuma.

Gashe Mulat hakuisahau ile kahawa. Kabla ya Krismasi ilikuja barua ya uhamisho. Wubalem sasa yuko kituo kidogo cha afya kwenye njia ya kwenda Mota, na kazi yake ni kutunza friji moja ya chanjo.