Watu Wafupi Wasio na Watani

Juzi hapa Mikumi, kwenye nyumba ya wageni ninakofanya kazi ya mapokezi, dereva mmoja wa lori alikaa kwenye benchi akisubiri chumba chake kifagiliwe. Alikuwa ameinamia simu, uso kaukunja kama mtu aliyepigwa faini. Mara akaniita, "Dada, hebu njoo unisaidie. Hawa watu wangu wamenuna, sijui wanataka nini." Nikasogea. Kwenye kioo nikaona gemu: ghala, mashamba, mgodi, na watu wafupi wenye ndevu na masikio yaliyochongoka, kila mmoja ana kajisura ka kununa juu ya kichwa. Nilicheka mpaka na yeye akanuna. Nikamwambia, kaka, hao nawafahamu tangu niko shule ya msingi, na sikuwahi kuwaridhisha hata siku moja.

Usinishangae. Mdako nimecheza na rede nimecheza kama wewe, lakini utoto wangu hasa uliishia Kimamba, kwenye saluni ya kinyozi. Kinyozi alikuwa na kompyuta chogo ya mtumba aliyoitumia kuwaingizia watu nyimbo kwenye simu. Ndani yake alikuta gemu ambalo hakujua limetoka wapi. Sisi watoto wa kambi ya mkonge tukitoka shule tulikimbilia pale. Anayefagia nywele ndiye anayeshika mausi, hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na mimi nilifagia kwa bidii ambayo nyumbani haikuonekana. Hadi leo nikisikia mashine ya kunyolea inaunguruma na harufu ya spiriti ikanipata, nawaona wale watu wafupi.

Kazi yenyewe ilikuwa kuwatunza. Wamekuja kwenye nchi ya ajabu yenye milima inayotoa moshi na joka linalolala pangoni, na wewe unawajengea, unawalimia, unawapikia pombe. Wakifurahi wanafanya kazi. Wakinuna muda mrefu, wanajifunga vifurushi, wanatoka upande wa kushoto wa kioo, na hawarudi. Jamani, hakuna kitu kilichoniuma utotoni kama kumwona mtu niliyemjengea nyumba anaondoka na kifurushi chake bila hata kuaga.

Labda iliniuma kwa sababu kambini kwetu watu walikuwa wanaondoka vilevile. Zile nyumba ndefu za shamba la mkonge zilijengewa manamba, vibarua walioletwa kutoka kila upande wa nchi. Shamba lilipokufa, walibaki watoto wao na wajukuu wao, wakilima mpunga kule Tindiga na kuuza vitu vidogovidogo stesheni. Kisha wakaanza kupungua. Leo familia hii imehamia Dar, kesho ile imekwenda Morogoro kufuata kijana wao. Bibi yangu, aliyenilea, alikuwa Msagara aliyeteremka milimani kumfuata babu kwenye kazi ya mkonge. Alikuwa akipita asubuhi akitazama milango iliyofungwa na kuguna. Hofu yake ilikuwa moja na aliisema waziwazi, hata tukiwa tunakula mlenda: "Wataisha wote hawa. Nitazikwa bila mtani, kama mbwa."

Mtani wake alikuwa jirani wa mlango wa pili, mzee wa Kinyamwezi, fundi baiskeli. Unajua Mnyamwezi na Msagara, watani tangu enzi za misafara ya wapagazi. Mzee alikuwa anaingia jikoni kwetu bila hodi, anafunua sufuria, anamega ugali, anasema, "Hiki nacho ni chakula au udongo wa milimani?" Bibi anamjibu, "Kula, mpagazi wangu, kisha unibebee kuni." Siku nyingine alimchukua kuku wetu mchana kweupe, akamchinja, akatuletea shingo. Mimi nililia. Bibi alicheka mpaka akashika ukuta. Alipofiwa na babu, huyo mzee ndiye aliyevaa suruali ya marehemu, akakohoa kama yeye na kudai chai kama yeye, mpaka bibi, ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu msiba uingie, akaomba uji.

Sasa turudi kwa kinyozi. Siku moja mtu wetu mfupi aliangukiwa na jiwe mgodini akafa. Kijiji kizima kikaanza kulia. Tuliwaongezea chakula, wapi! Tukawafungulia pombe, wapi! Jembe likalala, sura zikazidi kununa, na wawili wakaanza kufunga vifurushi. Ndipo bibi akatokea mlangoni kunifuata, maana nilikuwa nimeacha mahindi hayajapukuchuliwa.

"Shikamoo bibi," kinyozi akawahi.

"Marahaba. Ndio hawa mnaoacha mahindi kwa ajili yao? Ni akina nani?"

"Walowezi, bibi."

"Walowezi gani! Mlowezi anachimba? Hawa manamba." Akasogeza uso kwenye kioo. "Mbona wanalia?"

Tukamweleza kuwa wamefiwa na tumeshindwa kuwatuliza. Bibi akatutazama kwa huruma, kana kwamba sisi ndio tuliofiwa. "Na watani wao wako wapi?"

Tukarudi kukagua kioo. Kulikuwa na mtu mmoja mwenye kofia ya kengele, kazi yake kucheza na kuchekesha kwenye kilabu cha pombe. Tulikuwa tunamwona mlaji wa bure, anakula na halimi. Bibi alimwona akirukaruka pembeni, akapiga kofi. "Si huyo hapo! Mpelekeni makaburini, mnangoja nini? Watu wanakufa kwa huzuni na mtani mnamfungia kilabuni!"

Hakuna kati yetu aliyesita. Ni nani Kimamba asiyejua kuwa msibani mtani ndiye daktari? Tukamburuta yule wa kengele mpaka juu ya kaburi, akaanza kucheza. Loh! Zile sura zilibadilika zikawa nyekundu. Hawakununa tena, walikasirika. Mmoja baada ya mwingine wakafunga vifurushi, wakapanga mstari, wakatoka upande wa kushoto wote. Akabaki wa kengele peke yake anacheza, na mashamba yakaota majani.

Kinyozi alicheka mpaka akamkata mteja wake sikio. Bibi hakucheka. Alikuwa ameudhika kweli, kama alivyoudhika siku ile wapangaji fulani wageni walipofiwa wakafunga mlango. "Waache waende," akasema. "Hao hawakuwa majirani. Walikuwa wanalala karibu karibu tu." Kisha akanishika mkono tukaenda kupukuchua mahindi.

Tulianza upya mara nyingi. Tuliwajengea nyumba nzuri zaidi, tuliwagawa makundi mawili tukayapa majina ya Wasagara na Wanyamwezi, tukafikiri watazoea. Hawakuzoea. Aliyetengeneza gemu hakujua utani ni nini, basi. Mwishowe kinyozi naye alihamia Morogoro na kompyuta yake. Hata mzee fundi baiskeli alichukuliwa na binti yake kwenda kuishi Masanze. Siku ya kuondoka alisimama mlangoni kwetu, akamwambia bibi, "Usijidai kufa kimyakimya. Mimi ni mpagazi, na mzigo wangu wa mwisho ni wewe." Bibi akamtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika, halafu akaingia ndani akalala mchana, jambo ambalo hakuwa nalo kabisa.

Bibi alifariki mwaka jana. Mjomba alikuja kutoka Dar na watu wa ofisini kwake, wenye fulana za picha ya bibi, mshereheshaji na maikrofoni. Kila kitu kilikuwa na ratiba. Sisi wa kambini tuliobaki tulikaa nyuma. Nilikuwa natazama njia, na roho haikutulia mpaka nilipoona bodaboda inakuja na yule mzee, amekonda, ameshikilia kofia.

Hakusalimia mtu. Aliingia ndani moja kwa moja, akatoka amevaa gauni la bibi na kitenge chake kiunoni, ameinama kama yeye, mkono mgongoni kama yeye. Akaliendea jeneza akaligonga. "Amka, mvivu wewe! Mahindi hayajapukuchuliwa umelala tu!" Mimi nikacheka. Nilicheka kwa sauti, machozi yakitoka, na kwa mara ya kwanza tangu nipigiwe simu nikaweza kuvuta pumzi. Wamama wawili wa kambini nao wakacheka. Tulipofika makaburini akakaa kwenye ukingo wa kaburi, miguu ndani, akatangaza kuwa hazikwi mtu pale mpaka apewe jogoo wake wa utani.

Wageni wakaanza kunong'ona. Mmoja aliinua simu akarekodi. Mjomba alizaliwa kambini palepale na alibebwa mgongoni na mzee huyohuyo. Alijua. Lakini niliona anavyowatazama wenzake wa ofisini, na nikajua tumekwisha. Akachukua maikrofoni, akasema, "Naomba vijana wamsaidie mzee, nadhani amelewa." Nikapiga kelele kwamba huyo ni mtani, mpeni jogoo, jamani mpeni jogoo wake! Mama mmoja nisiyemjua akanikumbatia kwa nguvu. "Tulia mwanangu," akasema, "ni uchungu huo."

Walimnyanyua kwa makwapa. Pembeni alivua gauni, akalikunja vizuri, akanikabidhi. "Mzikeni tu," akaniambia. "Nilidhani nimekuja kwa watu wangu." Bibi akazikwa kwa ratiba, na kila mtu akasema shughuli ilipendeza.

Kabla ya mvua za mwaka huu nikaletewa habari kuwa mzee naye amefariki. Niliomba ruhusa kazini nikaenda Masanze, maana kwa upande wetu nani mwingine alikuwepo wa kwenda? Njia nzima nilikuwa najipanga. Nitaingia ndani, nitavaa shati lake, nitatembea nikiburuta baiskeli mbovu, nitawaambia Wanyamwezi wamzike haraka kabla hajaomba ugali. Nilifika, nikaingia, nikalivaa shati. Watu wakanigeukia, na binti yake akafuta macho akiningoja. Nikafungua mdomo. Matusi ya bibi nilikuwa nimeyasikia utoto mzima nikiyacheka, lakini yalikuwa ya bibi, na lugha yake ya nyumbani sikujifunza. Hakuna hata neno moja lililotoka. Mtani halii msibani, kila mtu anajua hivyo. Mimi nililia, nimesimama katikati ya uwanja na shati la mtu. Watu wakasogea wakanipa pole kama mfiwa, nami nikaipokea.