Vidonge vya Baba na Supu ya Dagoretti

Mpaka leo nikinusa supu ya mifupa, roho hunichafuka. Watu hudhani najidai, eti mtoto wa machinjioni anakataa supu. Wacha wadhani.

Baba alichuna ng'ombe machinjioni Dagoretti zaidi ya miaka ishirini, na kisu chake hakikuwahi kutoboa ngozi. Ndiyo maana mkono ulipoanza kutetemeka aliuficha mfukoni, hata mezani. Kisha miguu ikaanza kugoma mlangoni, yuko hapo amesimama, anataka kupita na hapiti. Sauti nayo ikafifia ikawa mnong'ono. Majirani zetu wa Uthiru wakasema mzee amerudia chupa. Baba hakuwa amegusa chupa tangu nikiwa darasa la pili.

Daktari wa mjini alimtazama dakika tano, akasema ni ugonjwa wa Parkinson, akaandika dawa. Dukani, chini ya jengo lile lile, vidonge vilihesabiwa kutoka kopo kubwa, vikatiwa ndani ya bahasha ndogo ya kaki iliyoandikwa kwa kalamu: kimoja mara tatu. Basi. Karatasi ya maelezo ilibaki na kopo. Hakuna aliyetwambia neno zaidi, na sisi, kwa woga wetu wa makoti meupe, hatukuuliza.

Nyumbani kwetu dawa kali haimezwi na maji matupu. Nimekua nikijua hivyo: dawa kali hutaka kitu kizito tumboni, la sivyo itakukwangua matumbo. Na kitu kizito hatukukosa. Wenzake wa machinjioni walimpa pole kwa njia waliyoijua wao, wakamletea mifupa ya miguu, ulimi, maini, kila wiki bila kuchoka. Mimi ndiye niliyechemsha. Asubuhi kikombe cha supu na kidonge, mchana nyama na kidonge, jioni maziwa na kidonge. Nilijiona binti wa kuigwa.

Dawa ikawa na vituko. Siku moja moja ilimwinua akatembea hadi langoni. Siku nyingi alibaki kitini amekakamaa, namlisha kwa kijiko. "Hizo ni feki, mnaibiwa," alisema baba mdogo, ndugu yake anayemfuata, mtu asiyekosa jibu duniani. Mimi nikaongeza supu.

Wakati huo nilikuwa nimechumbiwa. Kwetu, siku ya mahari, binti humpa baba yake pembe ya muratina, ile pombe ya asali. Baba huishika na kumuuliza mbele ya watu wote, "Tuinywe?" Binti akisema tuinywe, amekubali kuolewa. Baba hunywa kwanza, wazee wengine baadaye. Ni neno moja tu, lakini kuliuliza ni kwa baba. Baba alikuwa akijizoeza sebuleni na kikombe cha plastiki chenye maji, nusu yakimwagika zuliani.

"Mami, naomba kitu kimoja tu," aliniambia. "Hilo swali nikuulize mimi mwenyewe."

Nikamwambia atauliza. Nilimwahidi kabisa.

Siku ilipofika sikutaka mchezo. Asubuhi nilimpa supu nzito, kipande cha ini na mayai mawili, ndipo nikampa kidonge. Mchana wageni walipokaa chini ya hema nikampa kingine na sahani ya mbuzi choma. Nilimlisha mwenyewe, nikampangusa ndevu.

Wakaniita. Nikapiga magoti, nikamnyooshea pembe. Vidole vyake havikufunguka. Midomo ilisogea, sauti haikuja. Nilijaribu kuisukuma pembe kiganjani mwake, muratina ikamwagikia suruali yake mpya. Macho yake yalikuwa yananitazama, mazima kabisa, yanaelewa kila kitu. Upande wa wageni mtu akacheka, akanong'ona kwamba mzee alianza mapema. Baba mdogo akainuka, akaichukua pembe mikononi mwangu, akasafisha koo kama mwenyekiti wa mkutano.

"Tuinywe?"

Nilitaka kukataa. Nikasema tuinywe. Akanywa, watu wakapiga vigelegele, na baba akabaki pale na suruali yake mbichi.

Jioni hiyo baba mdogo alivitupa vidonge kwenye pipa la takataka. Nikaviokota. Jumatatu nilishuka mjini, River Road, kutafuta duka jingine la dawa, nimejaa matusi ya yeyote atakayeniuzia feki tena. Mama mmoja wa makamo nyuma ya kaunta aliniacha nikaropokwa mpaka nikaishiwa. Akavitazama vidonge, akaniuliza, "Mzee humeza na nini?"

Nikamweleza. Tena kwa fahari.

"Dada, dawa yenu haina shida," akasema. "Nyama, mayai, maziwa, vyote vinaingia mwilini kwa mlango mmoja na hii dawa, na huwa vinaizuia. Mpe na maji, nusu saa kabla ya chakula, saa zilezile kila siku. Ikimchafua tumbo, kipande cha mkate mkavu kinatosha. Nyama ale baadaye. Na msije mkamkatiza ghafla, hiyo ni hatari kubwa. Mkitaka kubadilisha chochote, rudini kwa daktari."

Hayo yote yalimchukua dakika mbili. Dakika mbili ambazo daktari hakuwa nazo, na mimi sikuwa na akili ya kumwomba. Nilisimama nje ya duka, watu wakinipiga vikumbo. Sikulia. Nilikuwa na hasira za kumpiga mtu, na kila nikimtafuta huyo mtu nilijikuta mimi.

Baba nilimwambia tu kwamba siku hizi ni maji kwanza. Hakuuliza. Wiki ya pili, asubuhi nikiwa jikoni, nikasikia viatu vinakuja, hatua kwa hatua, bila kusita mlangoni. Alikuwa amesimama wima na kile kikombe cha plastiki, na maji hayatikisiki.

"Mami," akasema kwa sauti yake ya zamani, "tuinywe?"

Mahari ilikuwa imeshapokelewa. Wakwe zangu walikuwa wameshaenda kwao na habari za mzee mlevi.

"Tuinywe, baba."

Akayanywa yote, akaweka kikombe mezani. "Sasa siku ile," akaniuliza, "ni nini kilinikamata?"

Mifupa ya Dagoretti ilikuwa inachemka mekoni nyuma yangu. Nikamwambia sijui.