Nukta za Kijani za Olmotonyi

Unabisha nini wewe? Eti ramani yako ya mauzo ya nyumba ikishaonyesha bei, dalali akae kimya? Subiri nikwambie, mwanangu, na usinikatize.

Nakumbuka nilifika kwa shangazi yangu Olmotonyi, nikamkuta Jofu kakalia kiti changu. Dalali mwenzangu huyo, wa mjini, viatu vinang'aa utadhani hajawahi kukanyaga udongo. Shangazi alikuwa anauza nyumba ahamie Maji ya Chai kwa binti yake, na hela hiyo ndiyo ingemjengea chumba kule. Mimi kanilea pale, halafu anamwita Jofu! Roho iliniuma, sikufichi. Hata chai kammiminia kwenye kikombe cha wageni.

Jofu akafungua kishikwambi. Ramani kali, nilitamani iwe yangu. Kila nyumba iliyouzwa ina nukta: nyekundu bei ya juu, kijani bei ya chini. Ngaramtoni, pale barabarani, nyekundu tupu. Kuzunguka kwa shangazi, kijani.

"Mama, soko la huku ndilo hili," Jofu akasema. "Na mteja wangu anatoa bei hiyo hiyo ya kijani."

Shangazi akaitikia kwa kichwa. Nikasogea kwenye ile ramani nitafute kosa, nikaliona.

"Hii nukta ni ya baba mdogo! Kamuuzia kaka yake. Na hii, mjomba kwa mpwa wake. Huku ardhi inapita kwanza kwa ndugu, na ndugu humkamui. Huyo mteja wako ni ndugu yetu?"

Jofu akazifuta nukta za ndugu, moja moja nikimwonyesha. Zikabaki chache, karibu zote nyekundu.

"Una wivu wewe," shangazi akaniambia.

"Ninao, shangazi. Kwani nimekosea?"

"Hujakosea. Ila ulikuja unaomba akosee. Siku akiwa sahihi, utakubali kuona?"

Ikaniingia. Nyumba ikauzwa bei ya haki, chumba kimesimama. Aliyeuza ni Jofu. Bado inaniuma.

Sasa sikia, mwanangu. Chora nukta zako, ukiziangalia mara moja unaona mtaa mzima. Lakini kabla hujamtajia mama wa mtu bei, nenda kwa miguu yako ukaulize nani alimuuzia nani. Na ukimwonea mtu wivu, kagua kazi yako mwenyewe kwanza. Mungu akufungulie milango, na kila nyumba utakayouza, mwenyewe aondoke anakuombea mema.

Haya, hizo nukta zako za Ngaramtoni, umeulizia hata moja?