Mama Mkwe Anagawa Dawa za Mume Wangu Kama Ugali

Mhariri, ukiichapa hii usitaje jina langu wala kijiji. Sema tu ni huku Kilosa, upande wa Malolo. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, nina watoto wawili, na mume ninampenda jamani, msinicheke.

Mume wangu anaumwa kifua kikuu. Hospitali walimwanzishia sindano na vidonge. Daktari alituweka chini akatuambia, "Hivi viwili vinakwenda pamoja. Vijidudu vikipata dawa moja tu vinaizoea, na hapo itakuwa kazi bure." Tulielewa wote wawili. Sindano akawa anachomwa zahanati, vidonge tukaja navyo nyumbani.

Balaa likaanzia hapo. Shemeji, mdogo wake, naye akawa anakohoa damu. Hospitali hataki hata kuisikia, maana amechumbia kijiji cha Ulaya, hukuhuku Kilosa, na wakwe wakijua ana kifua, uchumba umekufa. Basi mama mkwe, ambaye humu ndani hata mchicha haupakuliwi mpaka apakue yeye, akakata shauri: mkubwa achomwe sindano, mdogo anywe vidonge. Nikasema, "Mama, daktari alisema pamoja." Lo, nilikoma! "Shamba la wote, ghala la wote, dawa ndiyo iwe ya mumeo peke yake? Mwanamke bepari wewe!" Mume wangu akacheka, akampa mdogo wake vidonge.

Mwanzoni wote walipata nafuu, mama mkwe akatamba kijiji kizima. Kisha mume wangu akaanza kukonda upya. Sasa hata jembe hawezi kulinyanyua. Tuliporudi hospitali Kilosa mjini, daktari akasema sindano haimfanyii kazi tena. Akauliza, "Vidonge ulikuwa unavinywa?" Nikafungua mdomo, mume wangu akanibana mkono, akajibu mwenyewe, "Vyote, daktari." Daktari akampa dawa nyingine mbili, za kunywa pamoja. Akasema vijidudu vikizizoea hizi nazo, yeye hana nyingine.

Kufika nyumbani, mama mkwe yuko mlangoni na sahani mbili. Wallahi, sahani mbili! Nikafunga dawa kwenye pindo la khanga, na mpaka leo nalala nazo. Mume wangu namnywesha kwa mkono wangu, huku ananuna. Hakuna anayenisemesha. Shemeji amebaki macho tu. Alinipigia magoti, "Shemeji, kimoja tu." Nililia, sikumpa. Nikamsihi twende naye hospitali apate zake, akakataa. Nikasema basi nitamwambia daktari mwenyewe. Mume wangu akaapa, "Siku utakayofungua mdomo, talaka yako iko tayari."

Wasomaji wenzangu, nishaurini upesi, wiki ijayo tunarudi kwa daktari. Nikinyamaza, ipo siku watazipata hizi dawa wazigawe, nami nitakuwa mjane anayesifiwa na wakwe. Nikisema nitaachwa. Lakini si nitakuwa nimeachwa na mtu aliye hai?