Mahali pa Kusimama Ukishapuliza Faulo

Refa wa mpira wa kikapu akishapuliza faulo asimame wapi? Mimi hilo swali ningelijibu hata ukiniamsha usingizini, na ndiyo maana linaniuma. Unainua ngumi juu. Unatoka katikati ya wachezaji, maana hapo kuna hasira. Unaenda mahali peupe, mbali na benchi zote mbili, ambapo karani wa meza anakuona wazi. Unasimama, miguu imetulia. Unaonyesha nambari ya jezi kwa vidole, kosa gani, mpira unaenda wapi. Halafu unabadilishana nafasi na refa mwenzako. Basi. Shule niliachia darasa la tatu nikaenda kuchunga ng'ombe Moiben, lakini haya niliyashika kwa kuangalia tu, vile nilishika kwamba nyuma ya ng'ombe mgeni husimami. Kuna mmoja mweupe alinipiga teke hapa kwa goti. Wacha hiyo ya ng'ombe.

Jumamosi ile nilikuwa napimwa. Mkaguzi wa marefa alikuja na karatasi yake, akaniambia mapema, "Mzee, habari ya magoti yako imetufikia. Leo ukiharibu, tunakutoa kwenye orodha."

Mama watoto tulikuwa tumemzika Sugoi, na bila filimbi sikuwa na sababu ya kufua shati. Nasema ukweli.

Sasa, kocha wa timu moja ya wasichana alikuwa mkwe wangu, baba ya msichana aliyeposwa na kijana yangu. Ningesema mapema nipewe mechi ingine. Sikusema. Niliogopa ingine haitakuwepo. Na kwetu mkwe humpi mgongo, wala humpiti bila kumpa mkono. Benchi yake ilikuwa kando ya meza.

Robo ya mwisho, nambari saba wake akamsukuma msichana wa timu ile ingine hewani. Nikapuliza. Mpira ukabingirika mpaka mtaroni, kule kwenye mahindi, refa mwenzangu akaufuata. Mimi nikafika mahali pangu, pale pale panapofaa, nikaanza kuinua vidole.

"Mkwe," akaniita, amesimama, mkono ameunyoosha. "Tangu asubuhi hujanisalimu. Ama tumekosana?"

"Tutasalimiana baadaye, mkwe."

"Unaniacha na mkono hewani, mbele ya watu wote hawa?"

Nikaenda. Nikampa mkono, nikainama kidogo. Akauliza habari ya nyumbani, nikajibu ni nzuri.

"Refa, itisha na chai," mtu akasema kule kwenye mawe wanakokaa watazamaji, watu wakacheka. Kicheko kikageuka kelele nyuma yangu. Nilipogeuka, nambari saba alikuwa chini, mdomo umepasuka, na wengine tisa wamesimama wakiniangalia.

"Nani amempiga?" nikauliza.

"Si wewe ndiye refa," mmoja akanijibu.

Mkwe akautoa mkono wake kwa wangu. "Na wewe ulikuwa unaangalia wapi?"

Mechi iliisha bila mtu kuadhibiwa kwa damu ile. Mkaguzi nilimfuata mpaka kwenye pikipiki yake, nikamshika mkono wa koti kama mtoto.

"Nipime tena, bwana mkubwa. Jumamosi moja tu."

"Mzee, mwenzako akiondoka, macho yote ni yako. Hilo unalijua."

"Nalijua."

"Sasa nikupime nini?"

Akawasha, akaenda.

Jumamosi hizi bado natoka nyumbani Pioneer kwa miguu, nafika uwanjani kabla ya timu. Nasimama pale mahali. Nainua ngumi, naonyesha vidole saba, meza haina mtu. Ukiwa pale unaona kila kitu, kikapu, benchi, mpaka mtaro. Yule aliyempiga ningemwona. Mkwe naye nimemwona mara mbili tangu siku ile. Tunasalimiana kwa kichwa.

Juzi refa mpya, kijana mpole, alinikuta pale nimeinua mkono.

"Mzee, samahani, tunataka kuanza," akasema.

Nikauliza, "Wewe ukishapuliza, unasimama wapi?"

"Hapo tu, Mzee. Hapo umesimama."

Nikamwachia.